Kalenda ya Tovuti Yako Isimpoteze Mgeni

Tuseme una tovuti ya nyumba ya wageni Zanzibar. Mmoja anaweka nafasi akiwa Roma, mwingine Muscat, wa tatu Boston, wa nne Nairobi na watoto wake watatu. Wote wanagusa kisanduku kilekile cha tarehe. Kikikosea, mtu anashuka botini na mabegi yake akute chumba kina mwenyewe. Kukirekebisha ni kazi ya jioni chache tu.

Anza na namna unavyohifadhi, sura itafuata. Kwenye hifadhidata tarehe iwe na umbo moja siku zote: mwaka, mwezi, siku, yaani 2026-04-03. Huo ndio mpangilio wa ISO 8601. Mgeni aone lugha yoyote anayotaka, lakini kinachofika kwenye seva kisibadilike.

Sasa angalia saa za eneo, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka. Ukitengeneza tarehe kwa JavaScript kama usiku wa manane wa Dar es Salaam, kisha ukatumia toISOString, mfumo unarudi nyuma saa 3 kwenda saa za UTC. Mgeni kachagua tarehe 3 Aprili, wewe umehifadhi tarehe 2. Dawa yake ni kuunganisha tarehe mwenyewe: chukua getFullYear, getMonth ukiongeza 1, na getDate. Tarehe ya kulala hotelini haina saa, kwa hiyo usiipe saa.

Usioneshe 03/04/2026 mahali popote. Mtanzania anasoma tarehe 3 Aprili, Mmarekani anasoma tarehe 4 Machi, na kila mmoja ana uhakika. Andika mwezi kwa jina: Ijumaa, 3 Aprili 2026. Kazi hiyo iachie Intl.DateTimeFormat, imo tayari ndani ya kivinjari. Ipe msimbo wa lugha pamoja na nchi: sw-TZ, sw-KE, ar-OM, it-IT, en-US. Nusu ya pili ya msimbo usiipuuze, maana Kiswahili ni kimoja lakini kalenda za ukutani si moja.

Mfano ni siku inayoanza wiki. Kwenye data za CLDR, ambazo vivinjari huzitegemea, wiki ya Tanzania inaanza Jumatatu, ya Kenya na Marekani Jumapili, ya Oman Jumamosi. Mtu akizoea safu moja, jicho lake huenda kwenye nafasi badala ya kusoma jina. Kwa hiyo siku ya kuanzia iwe kitu kinachobadilika, usiifungie kwenye msimbo wa programu.

Mwisho wa wiki nao una mambo. Oman wanapumzika Ijumaa na Jumamosi. Falme za Kiarabu zilihamia Jumamosi na Jumapili Januari 2022. Kama unapaka rangi siku za mapumziko, uliza nchi kwanza. Kama huna sababu ya kuzipaka, acha.

Kwenye vichwa vya safu, Kiswahili kinahitaji mkono wako. Maktaba nyingi za kalenda huchukua herufi ya kwanza tu ya jina la siku. Kwa Kiingereza inapita. Kwetu unapata J, J, J, J, A, I, J, na hakuna binadamu atakayejua Jumanne iko wapi. Ukichukua herufi tatu unapata Jum mara tano. Andika vifupisho vyako mwenyewe: J'pili, J'tatu, J'nne, J'tano, Alh, Ij, J'mosi. Kisanduku kikiwa chembamba, tumia J2, J3, J4, J5, Alh, Ij, J1, kama watu wanavyoandikiana kwenye simu. Kwa wanaotumia kisoma-skrini weka jina kamili ndani ya aria-label.

Miezi iwe na jina na namba pamoja: "Aprili (4)". Watu wengi wanasema mwezi wa nne, na kuna anayehesabu vidole kabla ya kufika Agosti. Mrahisishie.

Ukiomba na saa ya kufika, shika kalamu. Mgeni wa Kiswahili anaposema saa moja asubuhi ana maana ya 07:00, na Intl haitakufanyia hesabu hiyo. Chukua saa ya mfumo, ongeza 6, gawa kwa 12, baki ndiyo saa yenyewe. Baki likiwa 0, andika 12. Kisha onesha zote mbili: "Saa 1 asubuhi (07:00)". Ondoa neno la wakati wa siku na umeharibu kila kitu, kwa sababu saa 1 usiku nayo ipo.

Usiku ndio unaozaa ugomvi. Kwa wengi wetu siku mpya inaingia magharibi, hivyo "usiku wa Ijumaa" kwa huyu ni ule unaofuata Alhamisi, kwa yule ni wa kesho yake. Usimwachie mgeni abahatishe. Andika: "Usiku wa Ijumaa tarehe 3 kuamkia Jumamosi tarehe 4." Ni ndefu, lakini ni fupi kuliko simu ya malalamiko.

Kwa Kiarabu weka dir="rtl" kwenye kalenda nzima. Safu zinaanzia kulia, na mshale wa mwezi ujao unaelekea kushoto. Pokea tarakimu za aina zote mbili, 3 na ٣. Tarehe ya Hijria unaweza kuiweka kwa maandishi madogo chini ya ile ya kawaida. Ila bei za Sikukuu ya Idi usizifunge kwa hesabu ya kompyuta. Mwezi huandama unapoonekana, basi acha nafasi ya siku moja mbele na nyuma.

Kalenda ya Ethiopia ina miezi 13, na hesabu ya miaka ya Thailand iko 543 mbele ya hii yetu. Kama huna wageni wa huko, pita.

Tarehe ya kuzaliwa usiiombe kwa kalenda kabisa. Mzee wa miaka 60 atagusa mshale mara 720. Weka visanduku vitatu: siku, mwezi, mwaka. Na kama unahitaji umri tu, omba mwaka, maana wazee wengine siku hawaijui.

Usidhani pia lugha ya simu ndiyo lugha ya mtu. Waswahili wengi simu zao ziko kwa Kiingereza. Weka kitufe cha kubadili lugha juu kabisa, kisha kumbuka alichochagua.

Kabla ya kuweka hewani, badili saa za simu yako ziwe za Los Angeles, kisha za Dar es Salaam, na kila mara chagua tarehe 3 Aprili 2026. Hifadhidata iseme 2026-04-03 mara zote mbili. Halafu mpe simu mtu asiye fundi, mwambie aweke nafasi ya Ijumaa Kuu, nawe nyamaza utazame. Akiuliza swali hata moja, bado hujamaliza.