Asilimia ya Nani? Takwimu katika Mjadala Kuhusu Mwelekeo wa Kimapenzi na Ulevi

Utangulizi

Katika mjadala wowote ule, hakuna ushahidi unaowanyamazisha wapinzani upesi kama takwimu. Msemaji akishataja asilimia, ni wachache wanaothubutu kuuliza imetoka wapi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi takwimu zinavyopotoshwa katika suala moja lenye hisia kali, yaani uhusiano kati ya mwelekeo wa kimapenzi na matumizi ya vileo. Kwa kuwa suala hili limetafitiwa sana nchini Marekani, mifano yetu mingi inatoka huko. Tunashikilia kwamba nambari haina maana mpaka yajulikane mambo matatu: waliohesabiwa ni nani, tofauti iliyoonekana ina ukubwa gani, na imesababishwa na nini.

Waliohesabiwa ni nani?

Mnamo mwaka wa 1975, Lillene Fifield alitoa ripoti mjini Los Angeles iliyokadiria kwamba takriban theluthi moja ya wapenzi wa jinsia moja walikuwa na tatizo la ulevi. Ripoti hiyo ilitayarishwa kwa ajili ya kituo kilichowahudumia watu hao, kwa nia ya kuonyesha haja ya tiba. Hata hivyo, makadirio yake yalitegemea mno habari zilizopatikana kwa wateja na wahudumu wa baa. Hiyo ni sawa na kusimama katika soko la miraa la Maua, kuwahesabu watafunaji, kisha kutangaza kwamba uwiano huo ndio wa Kenya nzima. Asiyekanyaga baa hakuhesabiwa. Licha ya udhaifu huo, theluthi hiyo ilinukuliwa kwa miaka mingi, na ikaingia pia katika hoja za wale waliodai kwamba watu hawa ni walevi kwa hulka yao. Nambari iliyokusudiwa kuleta tiba ikageuzwa fimbo.

Mwaka wa 1989, McKirnan na Peterson walichapisha utafiti uliowahusisha watu wapatao 3,400 mjini Chicago, ambao hawakupatikana katika baa pekee. Waligundua kwamba unywaji wa kupindukia haukuwa mwingi kuliko ule wa umma kwa jumla. Hata hivyo, asilimia 23 ya wahojiwa waliripoti matatizo yatokanayo na pombe, ikilinganishwa na asilimia 12 ya umma. Matokeo haya hayaungi mkono upande wowote kikamilifu. Anayedai kwamba wengi wao ni walevi amekosea, na anayedai kwamba hakuna tofauti yoyote amekosea vilevile.

Tofauti ina ukubwa gani?

Mnamo 2008, Michael King na wenzake walichapisha tathmini ya tafiti 25. Walibaini kwamba uraibu wa pombe na dawa nyingine katika kipindi cha miezi 12 ulikuwa angalau mara 1.5 zaidi miongoni mwa wanaovutiwa na jinsia yao au na jinsia zote mbili. Kwa upande wa wanawake, uraibu wa pombe ulifikia mara nne. Matokeo haya ni mazito na hayafai kupuuzwa. Lakini neno "mara" halisemi chochote kuhusu idadi hadi kiwango cha msingi kitajwe. Tuchukue mfano wa kubuni: iwapo watu 10 kati ya 100 katika kundi la kwanza wana uraibu, na kundi la pili lina mara 1.5 ya hao, basi la pili lina 15. Waliosalia 85 hawana uraibu. Methali husema samaki mmoja akioza huoza wote. Ni onyo zuri kwa muuza samaki, lakini si kanuni ya takwimu.

Tofauti imesababishwa na nini?

Mambo mawili kuandamana si hoja kwamba moja limezaa jingine. Ilan Meyer, katika makala yake ya mwaka wa 2003, alieleza kwamba unyanyapaa, ubaguzi na kulazimika kujificha huwaelemea watu wa makundi madogo na kudhuru afya yao ya akili. Mark Hatzenbuehler na wenzake, mwaka wa 2010, walilinganisha data za kitaifa za 2001 hadi 2002 na za 2004 hadi 2005. Katika majimbo yaliyopiga marufuku ndoa za jinsia moja kupitia katiba zao, matatizo ya matumizi ya pombe miongoni mwa watu hawa yaliongezeka kwa asilimia 41.9. Katika majimbo mengine, hapakuwa na ongezeko la maana kitakwimu. Mwelekeo wao haukubadilika. Kilichobadilika ni mazingira yao.

Hapa pia tuwe waangalifu. Ongezeko la asilimia 41.9 si asilimia 41.9 ya watu. Mwanafunzi wa Kiswahili anajua uzito wa a-unganifu: "la" inahusu ongezeko, "ya" inahusu watu. Anayebadilisha kiunganifu hicho amebadilisha ukweli, hata kama nia yake ni kuwatetea wanaonyanyaswa.

Hitimisho

Mjadala huu hauishii ukumbini. Mgonjwa akiaminishwa kwamba ulevi ndiyo hulka yake, atahukumiwa badala ya kutibiwa. Aidha, tukikana kwamba kuna tofauti, hakuna atakayetenga fedha za kumtibu. Walimu, wanahabari na wafasiri wa kesho, ambao wengi wao ni wasomaji wa jarida hili, watazipokea nambari hizi katika lugha za kigeni na kuzifikisha kwa umma kwa Kiswahili. Hatuna budi, kila tuandikapo neno "asilimia", kujiuliza: asilimia ya nani?