Kikanisa cha Mbweni na Swali la Namanyere

Nikiwa field Namanyere, nilifundisha kwamba soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, waliokombolewa walikwenda wapi?" Nikasema tutaona kipindi kijacho. Kipindi kijacho nikaanza mada nyingine.

Likizo hii nimefika Mbweni, kusini mwa Mji Mkongwe. Wageni wengi huishia Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini, lilipokuwa soko lenyewe. Mbweni kuna magofu ya shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria na kikanisa chake. Misheni ya UMCA ilinunua shamba hilo 1871. Mabinti waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa walisomeshwa hapo, na Caroline Thackeray, aliyefika 1877, akawaandaa baadhi yao kuwa walimu.

Nilisimama kimya. Misafara ya watumwa ilianzia hadi Ziwa Tanganyika, ambalo sisi wa Namanyere tunalishukia Kirando. Kumbe ualimu tunaousomea leo, mabinti waliowahi kuuzwa waliusomea pale.

Wanaualimu wenzangu, 1873 si mwisho wa somo. Jibu nimeshaliandika, nimemtumia mwalimu wa darasa amsomee yule mwanafunzi.