Kinywaji Kimoja, Ndimi Mbalimbali: Uchungu na Harufu ya Hopsi

Yamkini baadhi ya walimu watastaajabu kuona jarida la sayansi likizungumzia bia. Makala haya hayakukusudiwa kuisifu bia wala kuilaani, na mwanafunzi hana haja ya kuionja ili ayaelewe. Bia imechaguliwa kwa sababu moja tu: ni miongoni mwa vinywaji vilivyochunguzwa sana na wanakemia, na ndani yake swali kubwa la biolojia huonekana waziwazi. Swali lenyewe ni hili: ikiwa watu wawili wenye afya njema wamekunywa kinywaji kimoja kutoka chombo kimoja, nao wakatofautiana kabisa juu ya ladha yake, je, ni lazima mmoja wao awe amekosea?

Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu huko Ulaya, niliingizwa katika kikundi cha waonjaji wa maabara. Siku moja tuliletewa bia ya majaribio iliyotiwa hopsi nyingi. Wenzangu waliandika kwamba inanukia machungwa. Mimi niliandika: kitunguu saumu. Msimamizi alilisoma jibu langu kwa sauti, watu wakacheka, na mmoja akasema kwamba labda mgeni kutoka Afrika bado hajaizoea bia. Nililifuta jibu langu, nikaandika "machungwa". Nitarudi kwenye kisa hiki baada ya kueleza mambo machache ya msingi.

Uchungu wa hopsi watoka wapi?

Bia hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, maji, hamira na hopsi. Kimea ni nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, kama tuufanyavyo ulezi au mtama wa kutengenezea togwa. Maji ya kimea kabla ya kuchachuka ni matamu. Hopsi ndiyo iletayo uchungu. Mmea huu utambaao, ambao jina lake la kisayansi ni Humulus lupulus, hulimwa kwa wingi Marekani, Ujerumani na Ucheki. Maua ya mmea wa kike yana umbo la koni ndogo, na ndani yake mna chembe za manjano zenye mafuta ya kunukia pamoja na asidi ziitwazo humuloni.

Humuloni zenyewe haziyeyuki vizuri katika maji. Lakini zikichemshwa pamoja na maji ya kimea, atomi zake hujipanga upya bila kuongezeka wala kupungua, nazo huwa isohumuloni, ambazo huyeyuka vizuri zaidi na ni chungu sana. Hapa mwalimu wa kemia anao mfano mzuri wa isoma: fomula ni ile ile, umbo ni tofauti, na ulimi watambua tofauti hiyo.

Viwanda hupima uchungu wa bia kwa kipimo kinachokaribiana na miligramu za isohumuloni katika lita moja. Bia nyepesi za kawaida huwa na kati ya 10 na 20. Zile zenye hopsi nyingi aghalabu huwa na kati ya 40 na 70. Lakini tarakimu hizo ni sifa ya kinywaji, si ya mnywaji. Bia ya kipimo cha 40 yaweza kuwa chungu mno kwa mmoja, na ya kupendeza kwa mwingine.

Kufuli na funguo za ulimi

Juu ya seli za kuonjea zilizo ulimini zimepachikwa protini maalumu ziitwazo vipokezi. Kipokezi ni mfano wa kufuli, na molekuli ya chakula ni mfano wa ufunguo. Ufunguo ukiingia, seli hupeleka habari kwenye neva, na neva huifikisha kwenye ubongo. Kwa utamu tunacho kipokezi cha namna moja kubwa. Kwa uchungu tunavyo takriban 25, pengine kwa sababu sumu nyingi za mimea ni chungu, na sumu hizo ni za maumbo mengi. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba viini vichungu vya hopsi huviamsha vipokezi vitatu, vinavyoitwa TAS2R1, TAS2R14 na TAS2R40.

Kila kipokezi hutengenezwa kwa maagizo ya jeni, yaani chembe ya urithi. Maadamu jeni hutofautiana kidogo baina ya mtu na mtu, makufuli nayo hutofautiana. Jambo hili liligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1931, Arthur Fox, mwanakemia wa kampuni ya DuPont nchini Marekani, alikuwa akimimina unga wa kemikali ambayo kwa kifupi huitwa PTC. Vumbi lilipopeperuka, mwenzake, C. R. Noller, alilalamika kwamba lilikuwa chungu. Fox, aliyekuwa karibu zaidi na vumbi hilo, hakuhisi ladha yoyote. Wakabishana. Lakini hawakuishia kwenye ubishi: walionja tena, kisha Fox akawajaribu watu wengine wengi, akaona kwamba wanadamu wamegawanyika, wengine huona uchungu mkali, wengine hawaoni kitu. Mwaka 2003 jeni inayosababisha sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitambuliwa, nayo ni TAS2R38. Protini za makundi mawili makubwa ya watu hutofautiana mahali patatu tu.

Yapo maonyo mawili ambayo mwalimu hana budi kuyasisitiza. La kwanza, kipokezi cha PTC si miongoni mwa vile vitatu vya hopsi. Kwa hiyo hakuna "ulimi mkali" mmoja kwa mambo yote. Mtu aweza kuwa mzito kwa PTC, akawa mwepesi kwa hopsi, kwa mchunga au kwa kwinini. La pili, vitabu vingi vya zamani vilifundisha kwamba kuhisi PTC hurithiwa kwa jeni moja, waziwazi kama njegere za Mendel. Ukweli si rahisi hivyo. Wazazi wawili wasiohisi PTC wamewahi kupata watoto wanaoihisi. Mwanafunzi asiruhusiwe hata kidogo kutumia jaribio la namna hii kumshuku mzazi wake. Neno moja la ovyo darasani laweza kuvunja amani ya nyumba, ilhali sayansi yenyewe hailiungi mkono.

Ladha nyingi ni harufu

Bana pua yako, kisha tafuna kipande cha embe. Utahisi utamu na uchachu, lakini si embe. Achia pua, na embe litarejea papo hapo. Mengi tuyaitayo ladha ni harufu ipandayo kutoka kinywani hadi puani kwa njia ya nyuma. Puani tuna aina 400 hivi za vipokezi, na tofauti baina ya watu ni kubwa kuliko zile za ulimini.

Baadhi ya harufu za hopsi hutokana na thioli, yaani molekuli zenye salfa. Thioli moja ya hopsi huhisiwa hata ikiwa nanogramu chache tu katika lita moja ya bia. Nanogramu moja katika lita ni sawa na gramu moja iliyokorogwa ndani ya tangi lenye urefu, upana na kina cha mita 100. Thioli hiyo kwa kiasi kidogo hufanana na harufu ya matunda. Ikizidi, watu wengi husema inanuka mkojo wa paka. Nyingine, hasa katika aina fulani za hopsi zilizochelewa kuvunwa, hufanana na kitunguu au kitunguu saumu. Kiasi ambacho mtu huanza kuhisi kitu huitwa kizingiti. Kinywaji kile kile chaweza kuwa chini ya kizingiti cha mmoja na juu ya kizingiti cha mwingine.

Mfano ulio dhahiri ni iononi-beta, yenye harufu ya maua ya urujuani, ambayo imo pia katika hopsi kwa kiasi kidogo. Mwaka 2013 watafiti wa New Zealand walieleza kwamba badiliko la mahali pamoja katika jeni iitwayo OR5A1 ndilo linalosababisha karibu tofauti yote ya watu katika kuihisi. Vizingiti vya makundi hayo mawili hupishana kwa zaidi ya mara mia moja.

Vikombe vitatu

Sasa nirejee kwenye kisa changu. Juma lililofuata, fundi mzee wa maabara alinishauri tuache maneno, tufanye jaribio la vikombe vitatu. Vikombe viwili huwekwa kinywaji cha namna moja, na cha tatu huwekwa kingine; mwonjaji hutafuta kilicho tofauti, bila kujua mpangilio wake. Asiyehisi chochote ana nafasi moja katika tatu ya kubahatisha. Alitumia bia ile pamoja na nyingine iliyofanana nayo, isipokuwa hopsi zake zilivunwa mapema. Nilijaribiwa mara sita, nikapata zote sita. Uwezekano wa kubahatisha hivyo ni 1 katika 729. Hapo wenzangu hawakucheka tena.

Nilifurahi, lakini furaha yangu haikudumu. Siku hiyo hiyo fundi alinipa vikombe vingine vyenye iononi-beta. Wenzangu kadhaa walisema chumba kizima kinanukia maua. Mimi nilipata mara mbili tu katika sita, yaani kama abahatishavyo mtu yeyote. Mimi niliyekuwa na pua kali kwa kitunguu saumu nilikuwa kipofu kwa maua.

Mambo hayo mawili yalinifunza somo moja. Wenzangu walikosea, si kwa kuhisi machungwa, maana machungwa yalikuwamo. Walikosea kwa kudhani kwamba wasichokihisi wao hakipo. Nami nilikosea zaidi, kwa kuwa nilifuta nilichokiona ili nifanane na wengi. Kipimo kilichobadilishwa kwa aibu si kipimo tena, na kama fundi asingenijaribu, maabara ingepoteza habari ya kweli.

Zoezi kwa darasa

Mwalimu atengeneze kahawa chungu bila sukari, aiache ipoe, kisha apunguze ukali wake kwa nusu kila mara: 1/2, 1/4, 1/8, na kuendelea hadi 1/64. Kila mwanafunzi apewe vikombe vitatu safi: viwili vyenye maji matupu, kimoja chenye kahawa nyepesi kuliko zote. Afumbe macho ili rangi isimsaidie, na asukutue kwa maji kila baada ya kuonja. Ukali uongezwe hatua kwa hatua hadi atakapokitambua kikombe chenye kahawa mara mbili mfululizo. Majibu yaandikwe kwa siri, kisha wanafunzi wachore grafu ya vizingiti vya darasa zima. Anayezuiwa na daktari kunywa kahawa awe mwandishi wa matokeo.

Maswali

1. Kwa nini majibu yaandikwe kwa siri?
2. Mwanafunzi mmoja akipata mara mbili mfululizo kwa kubahatisha tu, uwezekano wake ni upi?
3. Mtoto akikataa mchunga kwa sababu ni mchungu mno, ilhali kaka yake aula bila shida, ni maelezo gani mawili ya kibiolojia yawezekanayo, na utayapimaje?

Swali la tatu lijadiliwe kwa uangalifu, maana si urithi peke yake utendao kazi: umri, mafua, uvutaji wa sigara na mazoea hubadili hisia za mtu. Hata hivyo, kabla ya kumwita mtoto mdeka, au mgonjwa atapikaye dawa chungu kuwa mkaidi, na tukumbuke kwamba huenda kilichomo kinywani mwake sicho tunachokihisi sisi.