Betri zinazochajiwa katika chumba kisicho na dirisha

Swali: Fundi, hapa gereji tunachaji betri za magari usiku kucha katika stoo isiyo na dirisha. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, tena mkubwa. Betri ya asidi ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikifikia asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Nayo hupanda, kwa hiyo toboeni matundu karibu na dari, na mengine chini hewa safi iingie. Zimeni chaja kwanza ndipo mchomoe vibanio. Vikichomolewa chaja ikiwa bado inawaka, cheche huruka, na vijana wengi husahau. Kuchomelea kufanyike mbali. Asidi ikiingia machoni, osheni kwa maji mengi angalau dakika 15, kisha hospitali. Na usiku asipokuwepo mtu, tafadhali, msichaji.