Uzito wa Gari Tupu

Umepata kuona gari dogo likipakiwa abiria na magunia katika kituo cha Tarime? Hata kabla ya kupakiwa, gari hilo lina uzito wake. Ni uzito wa chuma, vioo, viti na magurudumu, pamoja na mafuta na maji yaliyomo. Dereva, abiria na mizigo havihesabiwi. Huu ndio uzito wa gari tupu. Gari la abiria la ukubwa wa kati huwa na kilo 1,400 hivi, yaani sawa na magunia 14 ya mahindi ya kilo 100!

Jaribio: Sukuma toroli tupu uwanjani, kisha ulizuie ghafula. Litie mawe, urudie. Ni safari ipi mikono yako imetaabika zaidi?

Breki hufanya kazi kama mikono yako. Barabara ya kutoka Tarime kwenda Mugumu, wilayani Serengeti, huteremka hadi bonde la Mto Mara. Gari lililozidishiwa mzigo likiteremka, breki zake hupata moto sana, nguvu zake hupungua, na gari hukawia kusimama. Ng'ombe akikatiza njia, itakuwaje?

Kwa hiyo watengenezaji hutaja pia uzito ambao gari lililopakiwa halipaswi kuuzidi. Ukitoa uzito wa gari tupu, utapata mzigo unaoruhusiwa.

Zoezi: Gari tupu lina kilo 1,400, nalo likipakiwa lisizidi kilo 1,875. Limebeba watu watano, dereva akiwamo, kila mmoja kilo 60. Je, laweza kuongezwa gunia moja la kilo 100? Na la pili?