Baba wa Watu, Baba wa Nyumba



Katika parokia zetu hawakosekani wanaume wanaosifiwa na kila mtu. Ndiye mwenyekiti wa jumuiya, ndiye mweka hazina wa harambee, na msiba ukitokea ndiye wa kwanza kufika. Lakini ukimwuliza mkewe habari zake, mama atanyamaza kidogo kabla ya kukujibu. Simsemi mtu, maana nami nimo. Kuna mwaka nilifundisha wakatekumeni jioni tatu kwa juma, na Jumamosi zote nilikuwa mikutanoni. Siku moja mgeni alimwuliza mtoto wetu wa darasa la nne baba yake yuko wapi. Akajibu, "Baba huja hapa kulala." Mama watoto alinisimulia usiku ule, wala hakuongeza neno.

Ndiyo sababu leo nataka tujifunze maisha ya Mwenye Heri Luigi Beltrame Quattrocchi, mwanasheria wa Italia. Alizaliwa mwaka 1880 mjini Catania, katika kisiwa cha Sisilia. Alilelewa na jamaa zake ambao hawakujaliwa mtoto, na kwa hiyo akawa na majina mawili ya ukoo. Jambo ambalo sisi Waafrika hatuhitaji kuelezwa sana. Alisomea sheria Roma, akawa wakili wa serikali na kupanda hadi vyeo vya juu. Tarehe 25 Novemba 1905 alifunga ndoa na Maria Corsini, msichana wa Florence, katika Basilika ya Bikira Maria Mkuu huko Roma.

Sasa wanaume tutege sikio. Luigi alikuwa mtu mwadilifu, lakini hakuingia katika ndoa akiwa mtu wa sala nyingi. Mkewe ndiye aliyekuwa na imani yenye moto, na Luigi hakuona aibu kuongozwa naye. Ni wangapi kati yetu tunaokubali kusahihishwa na wake zetu katika mambo ya dini? Hasa sisi makatekista! Polepole wakaanza kwenda Misa pamoja kila asubuhi. Watoto wao walisimulia kwamba baba alimwamkia mama wakati wanapotoka kanisani, kana kwamba siku ilianzia pale. Jioni walisali rozari na watoto.

Jaribu kubwa liliwajia mwishoni mwa mwaka 1913. Walikuwa na watoto watatu, Filippo, Stefania na Cesare, na Maria alikuwa mja mzito tena. Madaktari wakagundua kwamba kondo la nyuma limekaa chini na kuziba njia ya mtoto. Walisema nafasi ya mama kupona ni kama asilimia 5, wakashauri mimba itolewe. Luigi alikuwa na umri wa miaka 33. Alijua kwamba angeweza kubaki mjane mwenye watoto watatu wadogo. Yeye na mkewe walikataa kwa neno moja, wakaingia katika miezi ile ya hofu wakiwa pamoja. Tarehe 6 Aprili 1914 alizaliwa Enrichetta, na mama akapona. (Akina mama, msisome habari hii mkakaa nyumbani. Siku hizi hali hiyo huonekana kwa kipimo cha picha ya tumbo, na kujifungua kwa upasuaji huokoa wengi. Ukitokwa na damu ukiwa na mimba, nenda hospitali saa ile ile.)

Huduma yake kwa watu ilikuwa kubwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alisaidia kuanzisha kundi la skauti kwa ajili ya vijana wa mitaa maskini ya Roma. Yeye na Maria waliwasindikiza wagonjwa waliokwenda kuhiji kwa treni, na waliwasaidia wachumba kujitayarisha kwa ndoa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mlango wao ulikuwa wazi kwa wakimbizi. Ukiangalia vizuri, kazi hizi nyingi hazikumtoa Luigi nyumbani. Skauti aliwashughulikia wakati wanawe mwenyewe walipokuwa vijana. Wagonjwa waliwahudumia wawili, na wakimbizi walikuja kwenye nyumba yake. Mimi nilikuwa nikitoka na kufunga mlango nyuma yangu.

Tusidhani hawakukosana. Enrichetta alieleza baadaye kwamba wazazi wake walitofautiana kama watu wengine, ila watoto hawakuyaona magomvi hayo. Waliyamaliza wenyewe faraghani.

Filippo na Cesare wakawa mapadre, Stefania akawa mtawa, na Enrichetta akabaki kuwatunza wazazi. Luigi alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 9 Novemba 1951, siku chache kabla ya kutimiza miaka 46 ya ndoa. Maria alimfuata mwaka 1965. Tarehe 21 Oktoba 2001, miaka 20 baada ya waraka wake juu ya familia, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza wote wawili pamoja kuwa Wenye Heri, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa mume na mke. Mapadre wale wawili, wazee waliopita miaka 90, walishiriki kuadhimisha Misa hiyo ya wazazi wao. Sikukuu yao ni tarehe 25 Novemba, siku ya arusi yao.

Juma hili, watoto wakisha kulala, kaeni ninyi wawili mezani. Baba amwulize mama: Je, ni kazi gani ya kanisa au ya kijiji ninayoifanya ambayo ungependa tuifanye pamoja? Na ni ipi ambayo imenichukua kutoka kwako? Mama ajibu, na baba asimkatize.