Kitabu Kilichofukiwa Ardhini

Katika Bahari ya Hindi, mashariki ya nchi ya Msumbiji, kiko kisiwa kikubwa sana kiitwacho Madagaska. Waswahili wa zamani walikiita Bukini. Mwaka 1820 mmisionari mmoja, David Jones, mtu wa Wales, alifika Antananarivo, mji mkuu wa mfalme Radama. Mkewe na mtoto wake walikuwa wamekwisha kufa kwa homa huko pwani. Hata hivyo hakurudi kwao. Yeye na wenzake walifungua shule kwa idhini ya mfalme, wakajifunza lugha ya wenyeji, wakaanza kufasiri Maandiko. Agano Jipya lilipigwa chapa mwaka 1830, na Biblia nzima ikamalizika mwaka 1835.

Mwaka uo huo jua likawachwea wasomaji. Radama alikuwa amekufa mwaka 1828, akatawala mkewe Ranavalona. Malkia huyu aliona ya kuwa watu wanaoziacha hirizi za ufalme wamemwacha na yeye pia. Wala hofu yake haikuwa ya bure kabisa, kwa maana enzi yake ilisimama juu ya hirizi hizo. Tarehe 1 Machi 1835 watu wakakusanywa, wakaambiwa kwamba dini ile imekatazwa, na kila mwenye kitabu akitoe. Wamisionari wa mwisho wakaondoka mwaka 1836, nao waliwaachia wanafunzi wao Biblia. Nyingine zilifukiwa ardhini.

Fikirini hali ya watu wale. Kanisa hawana, mwalimu hawana, na jirani aweza kuwashitaki wakati wo wote. Walibakiwa na jambo moja tu ambalo askari hawakuweza kuwanyang'anya: walijua kusoma, na kitabu kilikuwa katika lugha ya mama zao. Basi usiku walikutana kwa siri, wengine nyumbani, wengine milimani na mapangoni. Mmoja akasoma kwa sauti ndogo, wenzake wakasikiliza. Zaburi za Daudi, aliyejificha pangoni akimkimbia Sauli, sasa zilisomwa na watu waliojificha pangoni. Hapakuwa na haja ya mtu kuwaeleza maana yake. Waliyasoma maneno yale yale mara nyingi, polepole, mpaka yakakaa moyoni. Na lililokaa moyoni halionekani nyumba inapopekuliwa. Waliokosa kitabu walinakili sura kwa mkono, au kipande cha sura. Vitabu vikachakaa kwa kushikwashikwa na kwa unyevu wa mahali vilipofichwa, na kurasa zilizopasuka zikatengenezwa zikasomwa tena.

Nguvu waliyoipata haikuwa ya kuwashinda askari. Mwaka 1837 mwanamke mmoja, jina lake Rasalama, alifungwa minyororo, akapelekwa kuuawa kwa mkuki. Njiani aliimba nyimbo za dini, na alipofika akaomba nafasi ya kusali kwanza. Wengine waliuzwa utumwani, wengine wakanyweshwa mwavi. Mwaka 1849 watu kumi na wanne walitupwa kutoka juu ya genge, na wanne wakachomwa moto. Wako pia walioshindwa wakakana imani, na si haki kwa mtu anayesoma habari hizi kwa amani, kitini pake, kuwacheka.

William Ellis, mmisionari Mwingereza, alipofika mji mkuu mwaka 1856, mateso yalikuwa hayajakoma. Wakristo walimwonyesha kwa siri vipande vya Maandiko walivyovitunza, vimechakaa na kuchafuka. Mwaka 1861 malkia akafa, na mwanawe, Radama wa pili, akawapa watu ruhusa ya kusali wapendavyo. Wamisionari waliporudi mwaka 1862 walikuta Wakristo wengi kuliko wale walioachwa mwaka 1836, na wengi wao hawakupata kufundishwa na mmisionari hata mmoja.